HD ngapi zinakutosha? Kuchagua king'amuzi Unguja na Pemba

Msimu wa mpira wa Ulaya ukikaribia, swali linalosikika zaidi kwenye maduka ya ving'amuzi, iwe Darajani au Chake Chake, ni hili: "Hiki kina HD ngapi?", yaani chaneli ngapi za picha kali. Muuzaji anataja idadi, wa duka la pili anataja kubwa zaidi, na mteja anaona keshapata jibu. Hajapata. Idadi inayonadiwa ni ya kifurushi cha juu kabisa, na wengi wetu hatulipii kifurushi cha juu. La kuuliza ni HD zipi zimo kwenye kifurushi utakachokilipia mwezi wa nne baada ya kununua, wakati ofa ya kufungiwa dishi imeshasahaulika.

Kwa hiyo sitahesabu chaneli hapa. Nitaangalia nani anaonesha nini kwa HD, picha hiyo inafikaje kwenye mapaa yetu, na TV yako inaweza kuionesha au inajitahidi bure. Na upande wangu niuseme mapema: nyumba nyingi za visiwani Azam inazitosha, DStv ni ya anayeishi na kufa na Ligi Kuu ya Uingereza, na wapo wengi wanaodai HD zaidi wakati HD waliyonayo bado hawajaifungulia mlango.

Kudai picha nzuri si kosa, hata hivyo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, na Bara wakangoja hadi 1994 kupata televisheni ya aina yoyote. Watu waliozoea rangi tangu enzi zile wana haki ya kudeka kidogo.

Kwa nini haziongezwi upesi

Picha ya kawaida, ile SD, ina mistari 576. HD huanzia mistari 720, na HD kamili ina 1080 kwenda juu na nukta 1920 kwenda upande. Picha kubwa hutaka njia pana, na njia ya angani hukodishwa. Transponda moja ya setilaiti, yaani njia yake moja ya kurushia, mara nyingi ina upana wa megahezi 36, na kwa mfumo wa DVB-S2 hubeba kama megabiti 45 hadi 60 kwa sekunde, kutegemea ilivyopangwa. Tamthilia ya SD iliyobanwa vizuri hutosheka na megabiti 2. Mpira wa HD hutaka 6 hadi 8, kwa sababu kila kitu kinakwenda mbio kwa pamoja: wachezaji, kamera, majani, watazamaji wa nyuma ya goli. Ukiongeza chaneli moja ya michezo ya HD, umekalia nafasi ya chaneli tatu za kawaida.

Ipo njia ya kubana zaidi, H.265, inayopunguza mzigo kwa karibu nusu. Lakini king'amuzi cha zamani hakiisomi. Kampuni ikitaka kuhamia huko, lazima kwanza ibadilishe maboksi ya wateja wake wote, wa Makunduchi na wa Micheweni pamoja. Ndipo mambo yanapokwenda polepole, na ndipo inapozaliwa HD ya jina: chaneli ina herufi mbili kwenye kona, lakini imepewa njia nyembamba, au kinachooneshwa ni kanda ya zamani ya SD iliyopanuliwa tu.

Kuigundua ni rahisi. Ngoja kipa apige mpira mrefu na kamera iufuate kwa kasi. Majani ya uwanja yakibaki majani, hiyo ni HD. Yakivurugika yakawa rangi moja ya kijani hadi kamera itulie, chaneli hiyo imebanwa kupita kiasi. Mwombe muuzaji akuoneshe mechi inayochezwa, si tangazo la kobe baharini ambalo maduka yote hulipenda. Kobe haendi mbio.

Azam na DStv, bega kwa bega

Anza na unachotazama. Azam TV ilianza 2013 chini ya kundi la Bakhresa, na nguvu yake ni ya nyumbani. Ligi Kuu ya Bara iko mikononi mwake kwa mkataba wa miaka kumi uliosainiwa 2021, wa thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Kwa hiyo Simba na Yanga wako kwake, kwa HD, na kwa utangazaji wa Kiswahili. Kombe la Mapinduzi nalo limekuwa likipitia humo miaka mingi, na aliyekuwa Unguja Januari 2025, wakati mashindano yalipopelekwa Gombani, anajua ilivyokuwa raha kuuona uwanja wa Pemba umejaa bila kupanda boti. Ongeza tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo ukweli ndizo zinazolipiwa katika nyumba nyingi. Mpira ni kisingizio cha baba.

DStv ina SuperSport, na SuperSport ina Ligi Kuu ya Uingereza na Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kwa HD ya michezo haina mpinzani hapa kwetu, na imeanza siku nyingi: HD yake ya kwanza ilirushwa 2008. Tatizo ni ngazi za vifurushi. Vya chini hupewa baadhi tu ya mechi, na anayetaka kila Jumamosi bila kukosa hujikuta akipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka anatazama bei mara mbili. Halafu tangu Septemba 2025 MultiChoice, kampuni mama ya DStv, iko chini ya Canal+ ya Ufaransa. Mwenye nyumba mpya akishika funguo, samani huhama. Ushauri wangu kwa sasa ni kulipia mwezi kwa mwezi, usilipie mwaka mzima hata ukipewa punguzo.

Kwa michezo, basi, wote wawili wana HD pale inapohitajika. Kinachowatofautisha ni ligi gani na kwa bei gani. Filamu na tamthilia ni hadithi nyingine: mtu anayezungumza chumbani, kamera imetulia, SD nzuri haikuudhi. Anayedai tamthilia zote ziwe HD ana haki, lakini hapo ndipo mimi ningekuwa wa mwisho kuongeza pesa.

Dishi linatazama wapi

Hili wauzaji hawalisemi, na kwa baadhi ya nyumba ndilo linaloamua kila kitu. Azam huja kutoka setilaiti za Eutelsat zilizo nyuzi 7 Mashariki. Ukiwa Unguja au Pemba, mwelekeo huo ni karibu magharibi kamili, ukichepuka kidogo kaskazini, upande wa Bara, na boriti hushuka kwa mwinuko wa kama nyuzi 52. DStv iko nyuzi 36 Mashariki, yaani karibu kabisa na longitudo yetu sisi wenyewe, kwa hiyo inatokea juu ya kichwa: mwinuko wa kama nyuzi 82. Ndiyo maana dishi la Azam husimama ukutani, na la DStv hulala kama sinia.

Sasa weka mnazi. Mnazi wa mita 15 ulio upande wa magharibi ndani ya mita 12 kutoka kwenye dishi unaweza kuiziba Azam. Kwa DStv, mnazi huohuo hauna madhara labda uwe umeegemea paa lako. Kule Pemba, nyumba iliyokaa chini ya kilima na mikarafuu na minazi upande wa machweo, fundi anaweza kuhangaika na Azam kutwa nzima mpaka apandishe dishi kwenye nguzo ndefu. Mji Mkongwe, penye vichochoro vyembamba na nyumba za ghorofa tatu, dishi la DStv linaweza kufungwa hata uani na likaiona setilaiti, ila la Azam litataka paa. Kabla hujanunua chochote, simama mahali dishi litakapofungwa alasiri, jua likiwa limeinama nusu ya mbingu upande wa magharibi. Likikupiga usoni bila kizuizi, hasa kuzunguka Machi au Septemba linapopita karibu na mwelekeo huo, Azam itakuwa salama.

Mvua nayo ina upendeleo. Vyote viwili hutumia mawimbi ya Ku, na mawimbi hayo matone ya mvua huyanyonya. Mwale wa Azam unaokuja ubavu hupita kwenye mvua kwa takriban robo zaidi ya ule wa DStv unaoshuka wima. Mvua ya masika ikishuka kwa nguvu, utaona vipande vipande, kisha "hakuna mawimbi", kisha kimya cha dakika kumi. Dishi lililofungwa kwa usahihi hupunguza sana balaa hili. Lililofungwa kwa makadirio hupotea hata kwa manyunyu. Kwa hiyo fundi akimaliza, usiridhike na picha. Mwambie afungue ukurasa wa mawimbi kwenye menyu na uangalie upau wa ubora, si ule wa nguvu pekee. Picha ya dijitali karibu haina ubovu wa katikati: ipo nzuri au haipo, na inaweza kuwa nzuri leo ikiwa ukingoni kabisa mwa kupotea.

Dishi linalolala lina kasoro yake: hukusanya majani, vumbi na mavi ya kunguru, na kunguru wetu si haba. Adui mkubwa zaidi ni chumvi. Fungua kiunganishi cha waya kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, ya nyumba ya Nungwi au Kizimkazi iliyokaa miaka miwili bila kuguswa, utakuta shaba ya katikati imegeuka kijani, na nyuzi za pembeni zimekuwa unga mweupe. Mteja huyu atapiga simu kulalamika kwamba HD zimepunguzwa. Hazijapunguzwa. Zinapita kwenye kutu. Kofia ya mpira kwenye kiunganishi, utepe mzuri wa kuzibia maji, na waya kuachiwa mzingo mdogo chini yake ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye kiunganishi: ni kazi ya dakika tano, na mafundi wengi huiruka usipomsimamia.

TV na waya wake

Kuna mtu amelipia HD, ana king'amuzi cha HD, ana TV bapa, na anatazama SD. Geuza TV yake uangalie nyuma. Utakuta waya wa rangi tatu, njano, nyekundu na nyeupe, uliohamishwa kutoka kwenye TV ya chogo alipoibadilisha. Ule wa njano haubebi HD, hata umlipe nani. Waya wa HDMI ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na kifurushi cha mwezi mmoja. Ukishauchomeka, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi: kama kimewekwa 576, kipandishe hadi 1080, au 720 kama TV ni ya zamani. Watazamaji kadhaa wanaodai HD zaidi wangeacha kudai jioni hiyohiyo.

Halafu ukubwa. TV ya inchi 32, inayopatikana katika nyumba nyingi, ina picha yenye kimo cha sentimita 40 hivi, na nyingi si 1080 bali ni nukta 1366 kwa 768. Ukikaa mita 3 mbali, kama sebule zetu zilivyo, jicho la kawaida haliwezi kutofautisha mistari 576 na 1080 kwenye kimo hicho. Kuanzia kama mita mbili na nusu mistari ya SD yenyewe imeshaungana. Utakachoona bado ni tofauti ya kubanwa, yaani SD mbovu itaonekana mbovu. Lakini ule ukali wa HD kamili unaulipia bila kuufaidi. Kwenye inchi 55 mambo yanageuka. Hapo SD inaonekana mbaya hata ukikaa mita 3, na HD kamili inakupa thamani yake ukikaa kama mita mbili.

Kwa hiyo mwenye inchi 32 asihangaike na idadi ya HD. Mwenye inchi 55 ana haki ya kuuliza, na akumbuke pia kwamba TV ile inaweza kula wati 100 au zaidi. Saa tano kwa siku ni nusu yuniti ya umeme wa Tukuza.

Antena, dishi kubwa, na simu

ZMUX, king'amuzi cha antena, ndiyo njia ya bei nafuu ya kuwa na ZBC na chaneli za ndani. Haina dishi, haijali mnazi kiasi kile, na mvua haiiathiri sana. Ukiifuata kwa ajili ya HD utasikitika, na haikuwekwa kwa ajili hiyo. Naiona kama king'amuzi cha pili, cha chumba cha wazee wanaotaka taarifa ya habari na mawaidha. StarTimes na wengine wana wateja wao, lakini kwa anayechagua kwa kigezo cha HD ya michezo sioni pa kuwaweka mbele ya wale wawili.

Dishi kubwa la bure ni jambo jingine kabisa. Lile la mita 1.8 au zaidi, ambalo ndugu waliokuwa Oman au Dubai walipenda kulifunga likakaa juu ya paa kwa fahari, linapokea mawimbi ya C, na hayo mvua haiyasumbui karibu hata kidogo. Kuna chaneli za Kiarabu nyingi, na zile za Saudia za Qur'ani na Sunna zinazoonesha Makka na Madina saa 24, kwa mfano kupitia Arabsat iliyo nyuzi 20 Mashariki. Hakuna malipo ya mwezi. Wapo watu wenye dishi hili wanaolalamika kwamba halina HD, na shida yao ni risiva: ile ya zamani ya MPEG-2 haiioni HD hata dishi likipokea vizuri kabisa. Badilisha risiva kwa ya DVB-S2, acha dishi lilivyo, utafute chaneli upya. Bila shaka mpira mkubwa hutaupata humo kihalali. Lakini kwa mwezi wa Ramadhani, tarawehe kutoka Makka kwa picha safi bila kulipa kifurushi, hakuna wa kulishinda dishi hili.

Programu za simu, za Azam na za DStv, huvutia vijana kwa sababu hazitaki fundi. Fanya hesabu kwanza. Mtiririko wa HD wa megabiti 5 kwa sekunde hula kama gigabaiti 2.25 kwa saa, kwa hiyo mechi moja na mapumziko yake ni kama gigabaiti nne na nusu. Kwa bando la simu hilo ni pigo kila wiki. Mwenye faiba nyumbani hajali, na kwake hii huenda ikawa ndiyo HD bora kuliko zote, kwa kuwa haitegemei mnazi wala masika. Kero yake ni moja: intaneti huchelewa nyuma ya dishi kwa nusu dakika hivi au zaidi. Ukikaa karibu na maskani yenye dishi, utasikia "gooo!" wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja, na burudani imekwisha.

Nani achukue nini

Familia yenye inchi 32, mapato ya kawaida, na watoto wa skuli: Azam, kifurushi cha kati chenye michezo, waya wa HDMI, basi. Usimsikilize anayekwambia upande juu kwa ajili ya HD za ziada.

Shabiki wa Arsenal au Liverpool mwenye TV kubwa: DStv, na ukubali gharama kwa moyo mmoja. Ikiwa mechi unayoikosa kwenye kifurushi cha chini ndiyo ile uliyoingojea wiki nzima, umelipa kidogo ukapata hasira. Wengine hulipia miezi ya ligi tu, kisha Juni na Julai wakazima. Ni akili nzuri.

Nyumba iliyozungukwa na miti magharibi, hasa Pemba: piga hesabu ya nguzo kabla ya Azam. Gharama ya nguzo na fundi ikiwa kubwa, DStv ya kifurushi cha chini inaweza kuwa nafuu zaidi katika mwaka wa kwanza, ingawa Simba na Yanga utawafuata kwa jirani.

Wazee wanaoishi peke yao, hasa wenye dishi kubwa la zamani: risiva mpya na ZMUX. Rimoti mbili zinawachanganya, kweli, kwa hiyo fungia utepe wa rangi tofauti kila moja.

Mwenye kibanda cha mpira au maskani inayokusanya watu kwa kiingilio: kifurushi cha nyumbani hakikuruhusu kuonesha hadharani. Kuna vya biashara, na vina bei yake. Hapa HD si anasa, kwa sababu aliyekaa mbele anaona kila nukta na aliye nyuma anataka kusoma namba ya jezi. TV moja kubwa ya 1080 inashinda tatu ndogo.

Na mwenye nyumba ya wageni Paje au Jambiani, asikubali kuuziwa king'amuzi kwa kila chumba kwa hoja ya HD. King'amuzi kimoja kikigawanywa kwa nyaya, vyumba vyote vitatazama chaneli ileile, jambo linaloleta ugomvi. Weka kimoja cha biashara kwenye ukumbi, chenye TV kubwa, na pesa iliyobaki itie kwenye intaneti nzuri. Mgeni wa Ulaya huja na tamthilia zake kwenye simu. Mapokezini atauliza nywila ya Wi-Fi, na usiku wa fainali ya Ligi ya Mabingwa atauliza ukumbi unafungwa saa ngapi.